Je, Mateso Humkuza Mtu?

Wahenga walisema kwamba mvumilivu hula mbivu. Methali hii twaijua sote tangu utoto, na mara nyingi huambiwa mtu aliye katika dhiki ili apate moyo. Walakini, msomaji, yafaa tujiulize: je, mateso yenyewe ndiyo yamkuzayo mtu, ama ni jambo jingine limjialo akiwa ndani yake? Kitabu cha John Bunyan kiitwacho The Pilgrim's Progress, kilichopigwa chapa Uingereza mwaka 1678 na kufasiriwa baadaye katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, chatupa jibu linalostahili kupimwa kwa makini.

Mwandishi huyu aliyajua mateso kwa kuyaonja. Alikuwa fundi wa kuziba masufuria, mtu asiye na elimu kubwa. Mwaka 1660 alikamatwa kwa sababu ya kuhubiri bila ruhusa, akafungwa mjini Bedford hadi mwaka 1672. Lau angaliahidi kunyamaza, angalifunguliwa. Naye alikuwa na mke na watoto, mmoja wao kipofu, hata ikambidi kutengeneza kamba za viatu kifungoni ili wapate riziki. Basi asimuliapo habari za gereza lenye giza, habahatishi.

Kisa chenyewe ni ndoto. Mtu aitwaye Mkristo, mwenye mzigo mzito mgongoni, aliuhama Mji wa Uharibifu ili aende Mji wa Mbinguni. Mzigo wake ulianguka alipofika msalabani, kabla hajakutana na taabu zake kubwa. Jambo hili ni la maana, kwa kuwa laonyesha kwamba mateso yaliyofuata hayakuwa malipo ya dhambi zake. Tena Bunyan hayachanganyi mateso yote pamoja. Tutazame mawili.

La kwanza ni lile la Soko la Ubatili. Hapo Mkristo na mwenzake, Mwaminifu, walikamatwa kwa kuwa hawakutaka kununua bidhaa za soko lile. Mwaminifu akahukumiwa, akachomwa moto. Huyu alivumilia, lakini hakula mbivu yoyote ya dunia hii. Hata hivyo, mtu mmoja wa mji ule, jina lake Tumaini, alipoona jinsi walivyostahimili, aliliacha soko akafuatana na Mkristo.

La pili ni lile la Ngome ya Shaka. Safari hii kosa lilikuwa la Mkristo mwenyewe. Alipoona njia imekuwa ngumu, alimshawishi Tumaini wapite kando, penye majani laini. Wakapotea, wakalala katika shamba la jitu liitwalo Kata-Tamaa. Jitu likawafungia gerezani tangu Jumatano asubuhi hadi Jumamosi usiku, bila chakula wala maji, likawapiga, kisha likawashauri wajiue. Angalia sana hapa: mapigo yale hayakumkuza Mkristo hata kidogo, bali yalimfanya auone uhai wake kuwa mchungu. Aliyemzuia ni Tumaini. Na baada ya kuomba karibu usiku kucha, Mkristo akakumbuka kwamba kifuani mwake mlikuwa na ufunguo uitwao Ahadi. Alikuwa nao siku zote. Kwa ufunguo huo milango ikafunguka.

Twaona basi jibu la Bunyan. Mateso hayana wema ndani yake. Mtu hukua kwa ahadi anayoishika na kwa mwenzi asiyemwacha. Hata mwishoni, wakivuka mto wa mauti, Mkristo alianza kuzama, na Tumaini ndiye aliyekishika kichwa chake kisimezwe na maji. Tukumbuke kwamba Tumaini huyo alipatikana sokoni, pale alipofia Mwaminifu.

Kitabu hiki hakikosi kasoro. Majina ya watu hutufunulia tabia zao kabla hawajatenda neno, na kwa hiyo wengine hawatushangazi kamwe. Tena Mkristo alikimbia akiziba masikio asisikie kilio cha mkewe na wanawe, nasi hatuwezi kulipita jambo hilo bila kuchukizwa. Nadhani Bunyan mwenyewe aliona upungufu huo, maana katika sehemu ya pili, iliyotoka mwaka 1684, mke na watoto walisafiri pia, wakiwa na kiongozi na kundi la wenzao.

Nakusihi, msomaji, uisome mwenyewe sura ya Ngome ya Shaka. Kisha utakapomtembelea mgonjwa au mfiwa, usimwambie kwamba maumivu yake ni zawadi. Kaa naye kama Tumaini alivyokaa na Mkristo gizani, mpaka aukumbuke ufunguo wake.