Juu ya Kufundisha Watoto Kihispania kwa Hadithi na Michezo

Katika Marekani, Kihispania ni lugha ya pili kwa wingi wa wasemaji, tena ndiyo lugha ya jirani zao wa Meksiko. Kwa hiyo watoto wengi hufundishwa lugha hiyo shuleni. Lakini wako wengi ambao baada ya miaka miwili mitatu hujua kuhesabu na kutaja rangi na siku za juma, wala hawawezi kumwuliza mwenzao amekula nini. Njia ya hadithi, ambayo twataka kuipima hapa, ilizaliwa katika taabu hiyo.

Chimbuko lake ni kazi ya James Asher, mtaalamu wa elimu ya nafsi huko San José, California. Katika miaka ya 1960 alionyesha kwamba mwanafunzi hushika lugha upesi akisikia amri na kuitenda papo hapo: simama, nenda mlangoni, gusa kiti. Hatakiwi kusema kabla hajawa tayari, kama vile mtoto mchanga aitikavyo kwa matendo kabla ya kupata maneno. Mchezo huo huwafurahisha watoto. Lakini amri haina jana, wala haina mtu wa tatu. Huwezi kusimulia kwa amri kwamba fulani alitaka kitu asikipate. Blaine Ray, mwalimu wa Kihispania katika jimbo lilo hilo, aliliona pengo hili, na karibu na mwaka 1990 akalijaza kwa hadithi.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mwalimu huandika ubaoni maneno mapya matatu hivi, na maana yake kwa lugha ya watoto, bila fumbo. Kisha aanza: *El gato quiere un sombrero*, paka anataka kofia. Mara auliza: Je, paka anataka kofia? Anataka kofia au samaki? Nani anataka kofia? Watoto hujibu kwa neno moja moja, nao ndio waamuao kofia ni kubwa kadiri gani na yauzwa wapi; mmoja wao husimama mbele akawa paka. Katika kipindi kimoja neno *quiere* laweza kusikiwa hata mara 50, wala hakuna achokaye, maana kila mtoto angoja kujua kama paka ataipata.

Wasomaji wetu wataona kwamba *quiere* ni sawa na “anataka”: nafsi imo ndani ya neno, ila kwetu hutangulia, na kwao hujulikana mwishoni. Mtoto aliyelelewa kwa Kiingereza hulitafuta neno la nafsi asilione. Zaidi ya hayo, Mhispania hasemi kwamba mtu aupenda mkate. Husema *le gusta el pan*, yaani mkate wampendeza. Sisi hatuoni ajabu, lakini kwa mtoto yule ni dunia iliyopinduliwa. Akipewa kanuni kwanza, huikariri vema, kisha akifungua kinywa hukosea. Lakini akifuata habari za msichana ambaye mkate wa kila nyumba wampendeza isipokuwa wa kwao, haulizi kwa nini. Sikio limekwisha kuzoea. Hapa ndipo ilipo nguvu ya njia hii, na nadhani hata wapinzani wake hawana budi kuikubali.

Kuhusu michezo sina sifa nyingi hivyo. Iliyo mingi ni kutaja majina tu. Chukua *lotería* ya Meksiko, mchezo wa picha 54: jogoo, mwezi, ngazi, na kadhalika. Darasani mwalimu hutaja jina, na mtoto huifunika picha. Lakini kwao wenyewe mwitaji hodari hatangazi jina peke yake. Husema fumbo au maneno ya kuchekesha, na wachezaji hutambua. Shule imelitupa fumbo ikabaki na jina. Ni kama mtu afundishaye vitendawili kwa kuwasomea watoto majibu.

Tena nina neno juu ya hadithi zenyewe. Kitabu cha Ray kijulikanacho sana, *Pobre Ana*, yaani Ana Maskini, kimeandikwa kwa maneno machache, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aweza kukimaliza. Hiyo ni kazi isiyo rahisi, nami naiheshimu. Lakini tazama habari yake: msichana wa California hununa kwa kuwa rafiki zake wana vitu kumzalia, aenda Meksiko, aona watu wenye vitu vichache kuliko yeye, arudi ameridhika. Basi Wameksiko wamekuwa kioo cha kumwonyesha mgeni uso wake. Mtoto amejifunza lugha yao, wala hajasikia hata moja ya hadithi wanazosimuliana wao kwa wao.

Nazo hadithi hizo zipo tele. Katika Venezuela, Kolombia na Kosta Rika husimuliwa habari za *Tío Conejo*, Sungura, ambaye ni mdogo na mjanja, na *Tío Tigre* adui yake. (*Tío* ni ami na ni mjomba pia, Kihispania hakitofautishi.) Carmen Lyra wa Kosta Rika alizitia baadhi yake katika kitabu chake cha mwaka 1920, na wachunguzi wengi huona ndani yake alama za Waafrika waliovushwa bahari utumwani. Mwalimu wa kwetu azisomapo hana haja ya kuambiwa.

Najua jibu nitakalopewa: hadithi za jadi zina maneno mengi mno kwa anayeanza. Ni kweli, nazo zitahitaji kupunguzwa kwa mkono wenye huruma. Lakini mtoto aliyekwisha kulisikia *quiere* mara 50 kwa ajili ya kofia ya paka, amekwisha kupata nusu ya kisa: Tigre anataka kumla Sungura, na Sungura hataki kuliwa.