Kumsikia Furukombe, Kumpiga Picha

Evgen Bavčar, mpiga picha asiyeona, alimfunga mpwa wake Veronika kengele ndogo, kisha akamwacha akimbie malishoni. Kengele ikawa inalia huku na huku kadiri mtoto alivyokwenda, naye Bavčar akaielekeza kamera kule mlio ulikokuwa, akabonyeza. Baadaye alieleza kwamba alichokipiga picha pale ni kengele, yaani kitu kisichoonekana. Msomaji anaweza kuyachukulia maneno hayo kuwa falsafa ya Paris, na kweli Bavčar ni mwanafalsafa wa Paris. Lakini ndani yake mna maelezo ya kazi yaliyo wazi kabisa: tafuta kitakachokujulisha kitu kiko wapi, kiko umbali gani na kinaelekea wapi, halafu uwe tayari kabla hakijafika.

Bavčar alizaliwa mwaka 1946 katika kijiji cha Lokavec, Slovenia. Kabla hajatimiza miaka 12 alipatwa na ajali mbili: tawi la mti likamwumiza jicho moja, na miezi michache baadaye kilipuzi kikamwumiza la pili. Nuru haikumtoka siku moja. Ilipungua polepole, naye akapata muda wa kuziaga rangi moja moja na kuzihifadhi kichwani. Alipokuwa na umri wa miaka 16 alishika kamera ya dada yake, akampiga picha msichana aliyempenda. Hapo ndipo alipoanzia. Tangu wakati huo amepiga picha nyingi gizani kwa kumulika tochi sehemu ile tu anayoitaka ionekane, na mbayuwayu wa utotoni mwake wameingia katika kazi zake mara kwa mara.

Watu wengi hudhani kwamba mpiga picha asiyeona angefanikiwa zaidi ndani ya studio, mahali ambapo kila kitu kimetulia na taa hazihami. Ukweli uko upande wa pili. Studio ni kimya. Kikombe juu ya meza hakisemi lolote. Ndege, maji, upepo na mvua havihitaji kufungwa kengele.

Walukuba ni mahali pazuri pa kulielewa hilo. Mtaa huu wa Jinja, Uganda, ulikua pamoja na viwanda vya miaka ya 1950, ukapokea wafanyakazi kutoka kila upande, na hadi leo Kisoga, Kiganda na Kiswahili husikika kwenye kibaraza kimoja. Ukishuka kuelekea Masese unafika Ziwa Victoria. Hapo harufu ya dagaa, ambao wenyeji huwaita mukene, inakwambia uko wapi kabla ya kitu kingine chochote. Alfajiri kwarara hupiga kelele wanapoondoka mitini walikolala. Mdiria huropoka juu ya maji, kisha unasikia mtumbukio. Na furukombe, ambaye hutupa kichwa nyuma anapolia, hupenda kurudi kwenye mti uleule mrefu ulio karibu na maji. Kwa mpiga picha hakuna habari iliyo bora kuliko hiyo: ndege mwenye sauti kubwa na mwenye mazoea.

Kuna jambo la Jinja ambalo halifai kurukwa hapa. Mto Nile unaoanzia hapa uliwahi kuwanyima watu macho. Usubi, ugonjwa unaoenezwa na nzi wadogo weusi wanaotaga mayai kwenye maji yaendayo kasi, ulikuwapo kando ya Nile kutoka Jinja kushuka kuelekea Ziwa Kyoga. Wenyeji waliwaita nzi hao mbwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, bwawa la Owen Falls lilipokuwa likijengwa, dawa ya DDT ilitiwa mtoni kuua viluwiluwi, na kufikia miaka ya 1970 nzi hao walikuwa wametoweka sehemu hiyo. Maporomoko yaliyoufanya mto usikike ndiyo yaliyowalea wadudu waliopofusha watu. Bwawa lilipofunguliwa mwaka 1954, maporomoko ya Ripon, yale ambayo msafiri Mwingereza Speke aliyafikia Julai 1862, yakazama. Mwaka 2011 bwawa la Bujagali likazamisha mengine. Mto umepata umeme, umepoteza mbwa, na umepoteza pia sauti zake mbili kubwa. Mzee wa Jinja aliyeishi na sauti ya maji ana kumbukumbu ya mto ambayo hakuna picha ya zamani inayoweza kumrudishia mjukuu wake.

Sasa tumfuate mpiga picha asiyeona akiwa kazini ufukweni Masese na simu ya kawaida mkononi. Kwanza anatafuta jua kwa shavu. Likimpasha joto shavu la kulia, anajua mwanga unatoka upande huo, na ndege aliye mbele yake atakuwa na upande mmoja unaong'aa na mwingine wenye kivuli. Jua likimpiga usoni moja kwa moja, anajua picha itatoa umbo jeusi juu ya anga nyeupe, naye anaamua kama hicho ndicho anachokitaka. Anaishika simu kwa mikono miwili na kubana viwiko mbavuni, kwa sababu mbavu hazitikisiki kama mikono. TalkBack, programu ya simu inayosoma kioo kwa sauti, inamsomea kila anachogusa, ikimtajia kitufe kwa jina. Akishafungua kamera anaacha kugusa kioo kabisa, anaweka kidole kwenye kitufe cha sauti ubavuni mwa simu, kwa kuwa hicho anakipata bila kutafuta. Furukombe analia. Mpiga picha hageuki kwa haraka. Anasubiri mlio wa pili athibitishe urefu wa tawi, anainua simu, anapiga picha kadhaa mfululizo huku akiisogeza kidogo kidogo kutoka kushoto kwenda kulia. Mtu anayeona hufanya vivyo hivyo kwa ndege arukaye. Tofauti ni kwamba huyu ameshasikiliza kwa muda mrefu zaidi.

Ufundi wote umo katika kule kusubiri mlio wa pili.

Vifaa vimesaidia, na inafaa kusema kwa kiasi gani. Mwaka 2009 iPhone ilianza kuja na VoiceOver, programu ya kusoma kioo kwa sauti, ndani yake, na mwaka huohuo Android ikapata TalkBack. Tangu hapo mtu asiyeona haikuwa lazima anunue kifaa maalumu cha bei ya kutisha ili atumie kamera. Mwaka 2015 ilianza programu ya Be My Eyes, iliyobuniwa na Mdenmark Hans Jørgen Wiberg, ambayo humuunganisha asiyeona na mtu wa kujitolea anayemwelezea kilicho mbele ya kamera. Seeing AI ya Microsoft, nayo programu ya kueleza kilicho mbele ya kamera, ilikuja mwaka 2017. Mwaka 2022 Google ikaweka katika simu zake za Pixel maelekezo ya sauti na mtikisiko yanayomwongoza mtu aweke uso wake katikati ya picha ya selfi. Na mwaka 2023 Be My Eyes ikaongeza huduma ambayo mashine yenyewe hueleza picha kwa sentensi ndefu, na ukiiuliza swali inajibu.

Tazama lakini maelekezo ya kamera kama hayo ya Pixel yalitengenezwa kutafuta nini. Yalianza kwa kutafuta nyuso. Hupenda kitu kikae katikati. Kwa picha ya arusi hilo linafaa. Kwa furukombe halifai, maana ndege aliyebandikwa katikati ya picha hana mahali pa kurukia. Mpiga picha wa mazingira ya asili, aonaye na asiyeona, anataka kuacha nafasi mbele ya mdomo wa ndege, anataka maji yachukue theluthi mbili ya picha, na pengine anataka anga tupu. Tena mashine inayoeleza picha ina tabia ya kutaja kwa uhakika kitu ambacho hakimo. Kwa hiyo chombo bora ni kile kinachotoa taarifa na kukomea hapo: kiko hivi, kimeinama hivi, kuna kivuli hapa. Uamuzi ubaki kwa mwenye picha. Msanii anayeiambia mashine "hapana, sitaki katikati" anafanya kazi ileile aliyoifanya Bavčar na kengele yake.

Gharama nayo ni sehemu ya ufundi, hasa Uganda. Kuelezewa picha na mashine kwa kawaida kunahitaji intaneti, na tangu Julai 2021 bando hutozwa ushuru wa asilimia 12, baada ya miaka mitatu ya kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii. Anayeona huangalia picha zake mia bila kulipa chochote. Asiyeona hulipia kila picha anayotaka kujua imetokaje. Kodi ya namna hiyo humwelemea aliyekwishalemewa.

Swali linaloulizwa mara nyingi, na mara nyingine kwa ukali, ni kama wapiga picha hawa kweli hawaoni. Wengi wa wanaohesabiwa vipofu wana uoni kidogo uliobaki, na kila mmoja ameutafutia njia. Tammy Ruggles wa Kentucky, Marekani, ana ugonjwa wa kurithi unaokula retina. Alipenda picha tangu utotoni, lakini kamera za filamu na chumba cha giza vilimshinda. Kamera ndogo ya dijitali ndiyo iliyomfungulia mlango mwaka 2013: anapiga picha za mashamba, miti na barabara za kwao, kisha anazifungua kwenye skrini ya inchi 47 na kuchagua. Picha zake za nyeusi na nyeupe zina ukali wa mwanga na kivuli ambao mwenye macho makali pengine angeupunguza, na ukali huo ndio unaozifanya zikumbukwe. Bruce Hall wa California alikuwa mtoto alipoziona nyota kwa mara ya kwanza kupitia darubini ya jirani. Akashika lenzi na hakuiacha tena, akazama nayo baharini kupiga picha samaki na misitu ya mwani. Kwake yeye kamera ndiyo njia ya kuona: anapiga kwanza, anaona baadaye.

Brazil ina João Maia, aliyepoteza macho akiwa mtu mzima na kwenda kupiga picha Paralimpiki ya Rio mwaka 2016 kwa kufuata nyayo za wanariadha na mayowe ya watazamaji. Uskoti ina Rosita McKenzie, asiyeona tangu alipokuwa na miaka 12, ambaye amefanya kazi kwenye bustani ya mimea ya kifalme ya Edinburgh. Picha zake zimewahi kuonyeshwa pamoja na michoro yenye mistari iliyoinuka, ili asiyeona mwenzake apitishe vidole na kujua ua liko wapi na ukingo wa jani unakwenda wapi.

Kwa mpiga picha asiyeona, mlima ndio mgumu. Panda kutoka Jinja hadi Mbale, usimame chini ya Wanale, ukuta wa mwamba unaoutazama mji. Msimu wa mvua maji huporomoka kutoka juu yake na kuna sauti ya kushika. Kiangazi mwamba umenyamaza. Hakuna mlio wa pili wa kusubiri. Douglas Sidialo, Mkenya aliyepofushwa na bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, alipanda Kilimanjaro mwaka 2005, akaujua mlima kwa miguu, kwa pumzi na kwa baridi. Hiyo ni njia moja: kuupanda mlima hadi mwili uujue, kisha kushuka na kuupiga picha kwa kumbukumbu ya mteremko. Njia nyingine ni kuuliza. Wapo wanaoona kwamba kumwuliza anayeona kunaipunguzia picha thamani. Dai hilo halina uzito. Mpiga picha wa wanyama wa mbugani huelekezwa na dereva chui alikolala, na hakuna anayesema picha ni ya dereva.

Gerardo Nigenda ndiye aliyekufanya kuuliza huko kuwa kazi ya sanaa. Alizaliwa Mexico mwaka 1967, akapoteza macho akiwa kijana, akaishi Oaxaca. Huko mchoraji Francisco Toledo alikuwa ameanzisha kituo cha picha, na ndani ya kituo hicho mlikuwa na maktaba ya wasioona. Nigenda akiwa maktabani aliwasikia wapiga picha wakiingia na kutoka, na mwaka 1999 naye akashika kamera. Alipiga picha kwa alichokisikia, alichokinusa na alichokigusa. Kisha rafiki anayeona alimwelezea kilichotokea kwenye karatasi, naye akatoboa breli juu ya picha yenyewe, akiandika alichokuwa akikihisi wakati wa kubonyeza. Anayeona anaitazama picha asiweze kuyasoma maneno. Asiyeona anayasoma maneno asiweze kuitazama picha. Kuipata yote inabidi wakae wawili. Nigenda alifariki mwaka 2010, na picha zake bado zinadai wasomaji wawili.

Njia yake haihitaji bando. Inahitaji kibao cha breli, kalamu yake ya kutobolea na picha iliyochapwa. Viwili vya kwanza ni vifaa vya kawaida kwa yeyote aliyesoma shule ya wasioona ya Madera, Soroti, na cha tatu kinapatikana katika studio yoyote ya picha mjini Jinja.