Uso Mweusi, Kanzu Nyeupe

Mwaka 1861 wasafiri wa Kizungu Speke na Grant walipofika kwa Omukama (mfalme) Rumanyika, hapa Karagwe, kamera hawakuwa nayo tena. Grant alikuwa amepiga picha Unguja, lakini njiani Speke aliirudisha kamera, akihofia kuwa joto la kihema cha kusafishia picha lingemuua mwenzake. Sura ya Rumanyika tukaachiwa kwa michoro ya mkono. Mimi huikumbuka hasara hiyo kila mara mtu wa Bugene anapofungua bahasha studio na kutoa picha ya babu yake, imepauka na kukunjika, akitaka ikuzwe itundikwe ukutani.

Kuiskani na kufuta mikunjo kunahitaji subira tu. Ufundi uko katika kuifanya karatasi ikubaliane na skrini. Skrini ina mwanga wake. Karatasi hutegemea wa dirishani. Kwenye skrini ya kawaida cheupe hukizidi cheusi kwa mwanga mara 1,000 hivi. Kwenye karatasi isiyong'aa, hata mara 100 hazifiki. Kwa hiyo mzee aliyesimama mgombani na kanzu yake hutoka printani kanzu ikiwa safi, uso umemezwa na giza.

Mwenye haraka huung'arisha uso mpaka uwe rangi ya majivu. Kwangu huko ni kumvunjia mzee heshima. Fundi ninayemsifu huanza kwa kuipunguza skrini mwanga, hadi kandela 100 hivi kwa mita ya mraba. Asiye na kipimo hushika karatasi nyeupe kando ya ukurasa mtupu wa skrini, akapunguza mpaka vilingane. Kisha huchapa vipande vya kijivu, kutoka cheusi hadi cheupe, aone vya giza vinaanzia wapi kushikana. Hapo hujua uso wa mzee usivuke kipande gani. Kanzu nayo huiachia wino kidogo, marinda yaonekane.

Kisha kuna rangi, ndani ya picha isiyo na rangi! Printa nyingi za studio zina wino mweusi mmoja, hivyo kijivu huchanganywa kwa sayani, majenta na njano. Kijivu kilichotulia juani huweza kuwa na ukijani chini ya taa. Printa zenye weusi wa ngazi tatu hupunguza tatizo hilo, ila bei yake si ya mtaani kwetu.

Kwa kuwa rangi hubadilika na mwanga, fundi huuliza, "Mama, mzee mtamtundika wapi?"

"Sebuleni, mkabala na mlango."

"Basi tumtazamie hapa mlangoni, mama, tuizime taa."

Hata hapo hahukumu. Wino ukiwa mbichi, weusi bado haujatulia, na picha iliyopendeza saa kumi jioni huenda asubuhi ikataka kurudiwa. Aliyekuja kutoka mbali kwa gari la Murongo hapendi kusikia hivyo; huambiwa vilevile arudi kesho.