Nani Yuko Nje? Abiria, Mfungwa na Chombo Kilichokwama Angani

Kuna kauli moja inayorudiwa sana katika semina zetu za fasihi: kwamba riwaya ya kisayansi haina mizizi kwetu. Eti sisi hatuna roketi, kwa hiyo hatuwezi kuwa na hadithi za roketi. Na akijitokeza mwandishi wa Kiswahili akawapeleka wahusika wake angani, basi huyo anaiga Wazungu tu. Mimi kauli hii siikubali. Katika makala haya nitaipinga kwa kuchunguza aina moja ya hadithi, nayo ni ile ya chombo cha watalii kilichokwama huko juu, abiria wakiwa hai ndani yake na hewa ikizidi kupungua. Hoja yangu ni kwamba uti wa mgongo wa hadithi ya namna hii si mashine. Ni swali: nje kuna nani, na je, anayajua majina ya walio ndani? Swali hilo jamii yetu imekwisha kulijibu kwa machungu, na fasihi yetu imelijibu kwa namna yake.

Tuanze na hilo la "hatuna roketi". Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini karibu na Malindi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo kwenye nyota, na siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru wake. Ni kweli, jukwaa lilikuwa la Waitalia na setilaiti ilikuwa ya Wamarekani. Chetu kilikuwa bahari na jina. Lakini mvuvi aliyeuona moto ule ukipanda mawinguni hakuhitaji ruhusa ya mhakiki yeyote ili akausimulie nyumbani.

Wala hadhira si tatizo. Anayedhani kwamba mambo ya anga ni ya wasomi peke yao hajapita Tandika, Mbagala wala Manzese enzi za vibanda vya video. Humo filamu za kigeni za kila aina zilitazamwa kwa kiingilio kidogo, na wafasiri kama Lufufu wakazisimulia kwa Kiswahili cha mtaani juu ya sauti ya wahusika wenyewe. Mtazamaji hakuhitaji kujua injini ya chombo inafanyaje kazi. Alitaka kujua nani mwoga, nani msaliti, na nani atamvuta mwenzake mkono mlango ukiwa unafungwa. Yaani alikuwa anauliza maswali yale yale ya uhakiki tunayouliza sisi, bila ya kuyaita dhamira na usawiri wa wahusika.

Sasa tuuchukue mfano wenyewe. Katika lugha ya Kiingereza, riwaya inayojulikana zaidi kuhusu chombo cha watalii kilichokwama ni A Fall of Moondust ya Arthur C. Clarke, iliyotoka mwaka 1961. Clarke alikuwa Mwingereza aliyehamia Sri Lanka mwaka 1956, kwa hiyo tunaweza kusema kwamba riwaya hii imetoka ng'ambo ya pili ya bahari yetu hii hii ya Hindi. Chombo kinaitwa Selene. Kinatembeza watalii juu ya bahari ya vumbi huko mwezini, vumbi laini kiasi kwamba linatiririka kama maji. Tetemeko linatokea, vumbi linafunguka, na chombo kinazama kiasi cha mita 15 kikiwa na watu 22. Wote wako hai. Redio haisikiki nje, joto linapanda, hewa inachafuka.

Kifani, riwaya hii ni darasa. Mwandishi anafunga fundo, analifungua, na kule kulifungua kunazaa fundo jingine. Wakishakipata chombo kilipo, hawawezi kusimama juu ya vumbi. Wakishapata pa kusimama, inabidi waingize bomba la hewa. Msomaji hapewi nafasi ya kupumua, kama wale abiria wenyewe. Upande wa wahusika Clarke si hodari sana. Nahodha Harris na yule mhudumu wa kike wanapendana kwa sababu riwaya inahitaji mapenzi, basi. Lakini kuna mambo mawili aliyoyaona vizuri. La kwanza ni kwamba abiria, ili wasirukwe na akili, wanasomeana riwaya kwa sauti. La pili ni yule mkuu wa utalii aliyeko nje, ambaye katikati ya msiba hakosi kuwaza biashara itakuwaje. Huyo tunamjua. Hana haja ya kuishi mwezini.

Hata hivyo, angalia ni kitu gani riwaya hii inakichukua kama jambo lisilohitaji kuthibitishwa. Toka dakika ile Selene inapokosekana kwenye redio, kuna mtu anayejua kwamba imekosekana. Orodha ya abiria ipo. Mwanaanga mmoja, Lawson, mtu mkorofi asiyependwa, anatafuta alama ya joto juu ya vumbi mpaka anaipata. Wahandisi wanakesha. Mwandishi wa habari anatangaza. Dunia nzima inasubiri watu 22. Clarke anatutia shaka juu ya hewa, joto na vumbi. Juu ya nia ya walio nje hatutii shaka hata kidogo. Wakishindwa, watakuwa wameshindwa na maumbile. Kwamba wangeweza kuwasahau abiria, au kutojua wako wangapi, hilo halimo kabisa katika ulimwengu wa riwaya.

Sasa mpe kitabu hiki msomaji wa Temeke, au wa Mwanza. Vumbi linalotiririka kama maji atalikubali, maana hadithi ni hadithi. Atakalolitilia shaka ni hao waokoaji.

Nasema hivi kwa sababu tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Victoria ikiwa inakaribia Mwanza. Watu mamia walikufa, wengi wao wamezikwa Igoma. Baada ya kupinduka, sehemu ya meli ilibaki ikielea na kulikuwa na watu hai ndani yake. Likatobolewa tundu ili waokolewe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, nayo ikazama. Halafu kuna suala la orodha. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Ndiyo maana mpaka leo idadi kamili ya waliokufa inabishaniwa.

Ndugu msomaji, weka matukio haya mawili kando kwa kando. Kule kwa Clarke tundu linaingiza hewa. Kwetu tundu liliitoa. Kule watu 22 wanajulikana mmoja mmoja, mpaka tabia zao. Kwetu daraja zima la abiria halikuwa na jina. Sisemi kwamba Clarke alikosea. Riwaya yake ni ya miaka 35 kabla ya msiba ule, na kila mwandishi huandika kutokana na imani ya jamii yake. Ninachosema ni kwamba mwandishi wa Kiswahili akitaka kuandika chombo kilichokwama hawezi kuanzia pale alipoanzia Clarke. Msomaji wake atamwuliza jambo ambalo msomaji wa Clarke hakuuliza: hao walio nje, kweli wanatutaka?

Na hapa ndipo tunapokutana na Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka 1995. Mkangi, mzaliwa wa Pwani ya Kenya na msomi wa sosholojia, aliwahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980. Riwaya yake nayo ina chombo cha anga, ila mtu aliyemo si mtalii. Dzombo amehukumiwa kifo, na adhabu yenyewe ni kutiwa chomboni na kurushwa angani akafie huko. Hakulipa nauli wala hana tiketi ya kurudia. Walio nje wanajua barabara yuko wapi, na wamemweka huko makusudi. Basi hapo swali la "je, watakuja?" limekwisha kujibiwa kabla chombo hakijaondoka. Hawaji. Linalobaki ni moja: je, mfungwa anaweza kujifunza kuendesha? Dzombo anaweza. Anakimudu chombo kilichokusudiwa kuwa jeneza lake, na anatua kwenye nchi ambayo jina lake ukilitenga linasema wale ni sisi.

Hili kwangu ndilo jambo kubwa katika riwaya hii, na sioni likipewa uzito unaostahili. Wengi wetu tunakimbilia ile nchi ya usawa, tunaandika insha kuhusu itikadi, tunapata alama zetu, tunatoka. Chombo tunakiona kama basi tu la kumfikisha mhusika kwenye maudhui. La hasha. Chombo chenyewe ni hoja. Mkangi ameuchukua mtambo wa riwaya ya kisayansi, akamtoa abiria, akamweka mfungwa, na kwa badiliko hilo moja hadithi nzima imehama. Hadithi ya Clarke ni ya kusubiri kwa ushujaa. Ya Mkangi ni ya kushika usukani ambao hukupewa.

Wala Mkangi hakuokota jambo hili ugenini. Shaaban Robert alikwisha kutujengea nchi nzima inayoelea hewani mwaka 1951, ndiyo Kusadikika. Wajumbe sita wanatumwa huko na huko, mmoja wao mbinguni, mwingine ardhini. Wanarudi na habari za kuifaa nchi, na malipo yao ni kifungo. Habari hizo tunazipata mahakamani, Karama akijitetea mbele ya mashitaka ya Waziri Majivuno. Kwa hiyo katika fasihi yetu msafiri wa anga na mfungwa ni ndugu wa tumbo moja tangu zamani. Anayesema kwamba riwaya ya kisayansi ya Kiswahili haina mizizi, aanze kwa kutueleza Kusadikika iko wapi kama siyo angani.

Haina maana kwamba Walenisi haina kasoro. Inazo, na kubwa ni hii: chombo kinaachwa mapema mno. Baada ya kutua, masimulizi yanageuka kuwa mazungumzo marefu ya kumfundisha mgeni, na Dzombo aliyekuwa dereva anarudi kuwa mwanafunzi. Nikisoma sehemu hizo naona mhadhiri amemsukuma msanii kando kidogo. Laiti tungekaa zaidi ndani ya chombo, tukaisikia kelele yake, tukajua jasho la mtu anayebonyeza kitu asichokijua! Hapo Clarke anatushinda, na tusione haya kujifunza kwake. Yeye anajua kwamba msomaji akishahesabu pumzi pamoja na mhusika, huhitaji tena kumhubiria.

Suala hili si la zamani. Utalii wa angani umekuwepo kweli tangu Aprili 2001, alipopanda Mmarekani Dennis Tito. Mwaka uliofuata akapanda Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Na kukwama pia kumetokea, ingawa si kwa watalii. Wanaanga wawili wa Marekani waliondoka Juni 2024 kwa safari ya siku kama 8; chombo chao kikaonyesha hitilafu, kikarudishwa kitupu, na wao wakarudi Machi 2025 kwa chombo kingine. Muda wote huo magazeti ya dunia yalijua majina yao na walichokula. Nami nafurahi walirudi salama. Lakini mwaka 2018, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Tarehe 22, fundi wa mitambo mmoja alitolewa hai kutoka ndani ya chombo kilichopinduka. Siku mbili gizani, ndani ya hewa iliyobaki! Kama hiyo si hadithi ya Selene, basi mimi sijui kusoma.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa wenzangu tunaoandika, na kwa walimu wetu wanaotusahihisha. Tuache kuuliza kama mambo ya anga ni yetu. Kila anayevuka kwa pantoni kutoka Magogoni kwenda Kigamboni anaijua hofu ya injini kunyamaza katikati ya maji. Mwandishi atakayeichukua hofu hiyo na kuipandisha angani aniandikie chombo chenye daraja la tatu. Anionyeshe mfagiaji wa chombo ambaye hayumo katika orodha, na ofisa aliyetia sahihi kwamba chombo ni kizima huku akijua sicho. Anionyeshe pia watalii wakigundua kwamba wao wanatafutwa na mfagiaji hatafutwi, kisha wanapaswa kugawana naye hewa. Riwaya hiyo itakuwa ya kisayansi kwelikweli, maana hewa ni sayansi. Na itakuwa yetu, kwa sababu itaanza kwa kuwahesabu watu wote waliomo, mmoja mmoja, kwa majina.