Mizani ya de Vries: seli iliyopima utomvu wake yenyewe

Ngozi nyembamba ya nje ya gamba la kitunguu chekundu inabanduka kwa ukucha tu. Iweke chini ya hadubini katika tone la maji safi, utaona kila seli imejaa zambarau ukuta kwa ukuta. Sasa nyonya yale maji kwa karatasi, dondosha maji ya chumvi, usubiri dakika chache. Rangi inaanza kuachana na pembe za seli, inajikunyata kuelekea katikati na kukolea. Ukuta umebaki pale pale. Kilichosinyaa ni kilichomo ndani.

Wengi husema chumvi imevuta maji. Si hivyo hasa. Molekuli za maji hupita kwenye utando wa seli kwenda na kurudi wakati wote, ila penye chumvi nyingi maji yaliyo huru ni machache, kwa hiyo yanayotoka yanazidi yanayoingia. Chumvi huzuiwa na utando. Ukuta wa selulosi hauizuii, ndiyo maana ile nafasi kati ya ukuta na utando, ambayo wanafunzi huichora tupu, imejaa maji ya chumvi.

Mtaalamu wa mimea wa Uholanzi, Hugo de Vries, aliifanya hali hii kuwa mizani, na mwaka 1884 akachapisha njia yake. Alitumbukiza vipande vya mmea mmoja katika miyeyusho ya nguvu mbalimbali, akatafuta ule ambao utando ndiyo kwanza unaanza kubanduka ukutani. Ukiupunguza nguvu, hakuna kinachotokea; ukiuzidisha, seli zote zinajikunyata. Huo wa mpakani ndio unaolingana na utomvu wa seli. Kwa maoni yangu huu ni ujanja wa hali ya juu: hakutia kifaa chochote ndani ya seli.

Kisha akalinganisha vitu vyenyewe. Nitrati ya potasiamu, ambayo nayo ni chumvi, ilitosha kwa molekuli chache kuliko sukari, takriban theluthi mbili tu. Kwa nini? Jibu lilikuja mwaka 1887, mwanakemia wa Uswidi Svante Arrhenius alipoeleza kwamba chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa ioni, na kila ioni inahesabika peke yake.

Kipimo hiki kina sharti moja, seli iwe hai. Ukichemsha kwanza ile ngozi ya kitunguu, maji ya chumvi hayatabandua kitu. Zambarau itavuja tu, kwa sababu utando uliokufa hauchagui tena cha kupitisha.