Kolsaas ya Monet: Theluji Isiyo Nyeupe

Jamani, hii theluji! Chapa imefika leo, bado inataka kujikunja kwa sababu ya kukaa kwenye bomba la karatasi, nimeibana pembe zote kwa vitabu, na tangu hapo sijafanya kazi ya maana. Naitazama tu. Ni Kolsaas, mlima wa Norway aliouchora Claude Monet mwaka 1895. Kama wewe ni katika wale wanaodhani Monet ni mayungiyungi ya bustani yake ya Giverny basi, kaa kitako.

Alikuwa na miaka 54, ana jina, ana pesa, hana sababu ya kujitesa kwa baridi katika umri ule. Majira yale ya kipupwe akafunga safari kwenda kumwona Jacques Hoschedé, mtoto wa mkewe Alice, aliyekuwa akiishi Christiania, ndiyo Oslo ya leo. Mwingine angeota moto na kurudi zake Ufaransa. Yeye akajichimbia Sandviken, kijiji kilichokuwa magharibi ya mji, akaukazia macho mlima huu. Akauchora mara 13! Theluji inamwangukia, yeye anachora. Alimwandikia rafiki yake kwamba ndevu zake zilikuwa zimening'inia vipande vya barafu. Siamini kama kuna mchoraji mwingine wa kipindi kile, mwenye hali kama yake, ambaye angevumilia hayo kwa hiari.

Na mlima wenyewe si wa kutisha hata kidogo. Haufiki mita 400. Mtu aliyezoea kuiona Kibo kukipambazuka atauita kilima, wala hatakuwa amekosea. Lakini Monet hakuona kilima, aliona Fuji. Alikuwa mkusanyaji mkubwa wa chapa za Kijapani, za kina Hokusai na Hiroshige, zilizojaa kwenye kuta za nyumba yake, na barua zake za Norway zinaitaja Fuji waziwazi. Ukishajua hilo, picha inabadilika mbele yako: mgongo mmoja mpana umejaza karatasi, na hakuna kisa chochote pembeni cha kukupotezea macho. Kwa hiyo mimi naona ni haki kabisa kazi hii kuning'inizwa ukutani ikiwa chapa. Imezaliwa na mtu aliyepata jicho lake kwenye chapa.

Sasa rangi. Hapa ndipo nilipopiga ukelele hadi jirani akauliza kulikoni. Tafuta weupe kwenye mteremko ule, hutaupata kirahisi. Kuna samawati, kuna zambarau iliyofifia, kuna waridi, na kila moja imewekwa kwa mpigo mfupi wa brashi kando ya mwenziwe bila kuchanganywa. Ukiinama karibu unaona mipigo tu, imelala ovyo kama mikeka iliyotandazwa haraka. Rudi nyuma hatua chache: mlima huo, umesimama, una uzito, una baridi! Wala si uchawi. Theluji iliyo kivulini haipati jua, inapata mwanga wa anga, na anga ni buluu. Wachoraji wa kundi la Monet walilikamata hilo mapema, wakaacha kupaka vivuli kwa rangi nyeusi.

Ndiyo maana picha hii ni mtihani mgumu kwa mchapaji. Kazi yote ya Monet imo kwenye rangi hafifu, zile zinazokaribia kutoweka. Kwenye bango la bei ya chee, linalochapwa kwa wino wa rangi nne, hizo ndizo zinazokufa kwanza, na kinachobaki ni doa jeupe lenye mstari wa juu. Chapa hii ni ya mashine ya kunyunyiza wino wa kudumu, wenye rangi nyingi zaidi ya hizo nne, kwenye karatasi nzito ya pamba isiyong'aa, gramu 310 kwa mita ya mraba. Waridi limebaki waridi. Nimewasha taa, nimezima, nimeipeleka dirishani. Kila mahali mteremko unaonekana tofauti, na kila mahali bado ni mteremko.

Kasoro? Zipo. Rangi ya mafuta ina mwili, ina matuta ya brashi yanayoshika mwanga, na hapa matuta yale yamelala. Ukigusa ni karatasi. Pia ukingo mweupe waliouacha wachapaji ni mwembamba, fundi wa fremu atalalamika. Hayo hayajanipunguzia raha.

Kwa anayetaka yake, angalia vipimo kwanza. Moja ya picha hizi za Kolsaas iko Musée d'Orsay, Paris, na ina takriban sentimita 65 kwa 100. Ukiuziwa chapa yake ya mraba, ujue kuna mtu ameukata mlima ili kurahisisha biashara yake. Monet alifariki mwaka 1926, haki miliki imekwisha, kwa hiyo yeyote anaweza kuichapa, na wengi wanaichapa vibaya mno. Uliza karatasi ni ya nini na wino ni wa aina gani kabla hujatoa pesa. Wenzangu wa Mombasa, Unguja na Dar, mwambieni fundi aache nafasi kati ya karatasi na kioo, maana unyevu wa pwani ukiibana pamba kwenye kioo hutaibandua salama. Na isitazamane na jua la mchana.

Saizi ndogo msihangaike nayo, mipigo ya brashi inamezana na mlima unageuka ukungu. Chukueni kubwa kadiri ukuta unavyoruhusu, kwenye karatasi isiyong'aa. Kwa picha ya mlima ya kuweka sebuleni, mwaka huu sijaona chapa ya kuishinda hii.