Umeme Ulirudi, Saa Haikurudi

Umeme ulikatika saa nne asubuhi, ukarudi saa kumi jioni. Friji ikaanza kunguruma, taa za ruta zikawaka, lakini seva iliyo kwenye kona ya chumba cha kusomea ikabaki kimya. Ni kompyuta ya mezani ya zamani yenye Linux. Inatunza picha za familia, na kila simu ya nyumbani ikitaka kufungua tovuti huiuliza kwanza anwani yake. Nilikuwa nimeipanga iwake yenyewe umeme ukirudi, na zaidi ya mwaka mzima ilitii. Jioni ile haikutii. Hicho kilikuwa kidokezo cha kwanza, nami nikakipita.

Nikabonyeza kitufe. Feni zikazunguka, ila kwenye mtandao haikuonekana. Nilipoiunganisha na televisheni na kuichomekea kibodi, nikaikuta imesimama kwenye maandishi ya mwanzo kabisa, inasubiri mtu abonyeze F1 ndipo iendelee. Nikabonyeza bila kusoma mistari ya juu yake, kwa sababu mtuhumiwa nilikuwa naye tayari kichwani: diski. Karibu saa nzima ikaishia kwenye kukagua mfumo wa mafaili, na ulikuwa mzima. Ext4 hutunza daftari: mabadiliko ya mpangilio wa mafaili huandikwa humo kwanza, ndipo yafanywe. Mashine ikizimika ghafla, inapowaka tena husoma daftari, ikakamilisha yaliyoandikwa yote na kutupa yaliyoishia njiani. Kazi hiyo huchukua sekunde chache, na ilikuwa imeshafanyika kabla sijaanza kuhangaika.

Binti yangu akasimama mlangoni. "Baba, bando limekwisha?"

Halikuwa limekwisha, lakini swali lake lilinitoa kwenye diski. Nikapiga ping kwa namba, 1.1.1.1, majibu yakarudi vizuri. Nikajaribu kwa jina la tovuti, hakuna kitu. Basi njia ya kutokea nje ilikuwa wazi. Kilichokwama ni huduma ya majina. Unbound, programu inayoifanya kazi hiyo kwangu, ilikuwa hai, ila kila jina ililijibu SERVFAIL. Nikauliza upya kwa dig na kuongeza +cd, yaani nipe jibu bila kuhakiki saini. Jibu likaja papo hapo.

Hapo ndipo nilipoandika date. Seva iliamini tuko miaka miwili nyuma.

Mzizi wa mfumo wa majina ya intaneti umetiwa saini za DNSSEC tangu Julai 2010, na kila saini ina wakati wa kuanza na wakati wa kwisha. Anayehakiki hulinganisha nyakati hizo na saa yake mwenyewe. Kwa seva yangu, saini zote za siku ile zilikuwa bado hazijaanza kutumika, ikazikataa. Na kwa kuwa uhakiki huanzia kwenye mzizi, hata majina ambayo wenyewe hawajayatia saini yaliangukia humo humo. Kwa nini basi saa haikujirekebisha? NTP, itifaki ya David Mills inayotumika tangu 1985, kwangu ilipangiwa seva za wakati kwa majina. Kupata wakati kulihitaji jina, na kupata jina kulihitaji wakati. Mashine ingeweza kukaa hivyo wiki nzima. Ukurasa wa picha nao ulikuwa ukikataa tarakimu sita za simu, zile zinazobadilika kila sekunde 30, kwa sababu pande zote mbili huzikokotoa kutokana na wakati.

Kisa chote kilikuwa betri ya duara kwenye ubao mama, CR2032, ya volti 3. Ndiyo inayoendesha saa na kuhifadhi mipangilio ya BIOS mashine ikikosa umeme kabisa. Mita ilisoma volti 1.4. Jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini ni kwamba huenda ilikufa miezi mingi kabla. Kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani, pawa saplai hupitisha umeme kidogo hata ikiwa imezimwa, na saa hutembea kwa huo. Katizo fupi lilibebwa na UPS, kifaa cha akiba ya umeme. Saa sita ziliimaliza UPS, na betri iliyokufa ikaonekana kwa mara ya kwanza. Seva ilipoishiwa umeme, BIOS ilirudi mwaka 2009 na kusahau agizo la kuwaka yenyewe, na ile F1 ilikuwa ikisema hayo hayo. Linux ndiyo iliyoisogeza tarehe mbele, maana systemd, programu yake inayoanza kwanza, haikubali wakati uliotangulia kutengenezwa kwake.

Nilisimamisha kwanza kazi ya kuhifadhi nakala, kwa kuwa programu inayofuta nakala kuukuu kwa kufuata tarehe ni hatari saa ikiwa imepotea. Kisha nikaweka wakati kwa mkono. Hapa tunaohesabu saa kuanzia alfajiri tuwe waangalifu: saa kumi na moja jioni ni 17, na ukiandika 11 umeibakiza seva nyuma kwa saa sita. Hwclock ikaupeleka wakati huo kwenye ubao mama, na majina yakarudi nyumba nzima.

Betri mpya nilipata kwa fundi saa. Niliiweka mashine ikiwa imechomolewa, nikairudishia BIOS agizo lake, halafu kwenye chrony, programu yangu ya NTP, nikaongeza seva mbili za wakati kwa anwani za namba, ili fundo lile lisijifunge tena. Anwani za namba hubadilika bila taarifa, kwa hiyo nazikagua kila nikisasisha mfumo.

Usiku ule nikachomoa waya ukutani, UPS nayo nikaiweka pembeni. Asubuhi nilipouchomeka, seva iliwaka yenyewe. Saa yake ilikuwa imechelewa sekunde moja, na chrony ikaifidia kabla binti yangu hajaamka.